Vipimajoto tisa na mabonde ya Pemba: nitumie njia gani kuchora ramani ya joto la usiku?

Swali. Assalamu alaykum mtaalamu. Mimi ni bwana shamba, wilaya ya Wete. Nina vipimajoto tisa vya kujirekodi, nimevifunga kwenye skuli tisa kuanzia Chake Chake hadi Konde. Skuli zote ziko kando ya barabara, juu ya vilima, na nimezichagua kwa kuwa zina ulinzi. Nimeshapata data za miezi minne. Nataka ramani ya joto la usiku kwa ajili ya mabonde ya mpunga. Programu ya kuchorea ramani ya QGIS inanipa njia nyingi za kukadiria baina ya vituo: uzani wa umbali, krigingi, splaini. Mwenzangu wa Arusha ananiambia nisahihishe kwanza kwa mwinuko, kama wanavyofanya Kilimanjaro. Nifuate ipi? Na data nilizonazo zinafaa, au nianze upya?

Jibu. Waalaykumu salaam, bwana shamba. Kwa mkato: vipimajoto vyote tisa vikiwa vilimani, njia yoyote utakayoichagua itakuchorea ramani ya joto la vilima, na mabondeni itapaka rangi ya kubahatisha. Kwa hiyo kuhusu njia nitasema machache, na kuhusu bonde nitasema mengi.

Nianze na ushauri wa mwenzako. Kwao ni ushauri mzuri sana. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila kilomita moja unayopanda, na kutoka Moshi mjini hadi kilele cha Kibo, mita 5,895, unapanda kilomita tano kamili. Hapo tofauti inapita nyuzi thelathini. Mambo mengine yote mbele yake ni madogo, na ukishajua kimo cha mahali umeshajua karibu kila kitu kuhusu joto lake. Sasa rudi kwetu. Vilima virefu kabisa vya Pemba viko kwenye mita mia moja na ushei. Piga hesabu: mita mia ni sehemu ya kumi ya kilomita, kwa hiyo kutoka ufukweni hadi kilimani mwinuko unakupa nyuzi 0.65, basi. Vipimajoto vingi vya bei ya kawaida huuzwa na maelezo kwamba vinaweza kukosea nusu nyuzi juu au chini. Yaani athari yote ya mwinuko kisiwani inakaribia kutoshana na kosa la chombo ulichonacho mkononi.

Tena hiyo ni hesabu ya hewa iliyochanganyika, kama ya mchana wenye upepo. Usiku mambo ni mengine. Jua likishazama ardhi hutoa joto lake kwenda angani, na hewa inayoigusa ardhi hupoa. Hewa iliyopoa ni nzito. Kwenye mteremko haikai, hushuka polepole, na ikifika chini hutuama. Ndiyo maana anayeteremka kutoka kijijini kwenda kwenye mpunga kabla ya alfajiri hupigwa na ubaridi wa ghafla, na ndiyo maana ukungu wa asubuhi hulala bondeni huku juu kwenye mikarafuu kukiwa kweupe. Kwa hiyo chini kuna baridi na juu kuna vuguvugu, kinyume kabisa cha sheria ya Kilimanjaro.

Jambo hili halitokei kila usiku. Linataka anga jeupe na upepo uliolala. Masika, mawingu yakifunika, ardhi haipotezi joto kwa kasi na tofauti baina ya bonde na kilima hupungua mno. Kusi likivuma usiku kucha nalo huikoroga hewa ya bonde na ya kilima mpaka zikafanana. Ukichukua wastani wa mwezi mzima bila kutenganisha usiku mtulivu na usiku wa upepo au mawingu, umeshaichuja nusu ya habari unayoitafuta. Wastani wa siku nzima ni mbaya zaidi, maana bonde lililokingwa na upepo huweza kuwa na joto zaidi mchana na baridi zaidi usiku. Jumlisha, gawa kwa mbili, na bonde linaonekana halina tofauti na kilima. Chora joto la chini kabisa peke yake na la juu kabisa peke yake.

Nikuoneshe kwa namba. Hizi ni namba za mfano, lakini hesabu yake ndiyo hiyo itakayofanywa na programu yako. Tuseme una vituo vitatu na usiku mmoja mtulivu. Kituo cha pwani, mita 5 juu ya bahari, kimesoma nyuzi 24.6. Cha kilimani, mita 80, kimesoma 23.8. Cha bonde, mita 15, kimesoma 22.6. Unataka kujua joto la bonde la pili, lenye mita 15 vilevile, lililo kilomita 1 kutoka kituo cha kilimani, kilomita 2 kutoka lile bonde la kwanza, na kilomita 3 kutoka pwani.

Kwa uzani wa umbali, kila kituo kinapewa sauti kwa kugawa 1 kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Kilima kinapata 1, bonde linapata robo, pwani inapata sehemu moja ya tisa. Ukizidisha na kugawa, jibu ni nyuzi 23.6. Kilima, kwa kuwa ni jirani wa karibu, kimelimeza bonde.

Sasa fuata ushauri wa Arusha. Shusha kila kituo hadi usawa wa bahari kwa nyuzi 6.5 kwa kilomita, kadiria, kisha pandisha tena hadi mita 15. Kilima kinasahihishwa kuwa 24.3, bonde 22.7, pwani inabaki 24.6. Jibu linatoka nyuzi 23.95. Marekebisho yameongeza kosa! Bonde la pili lina umbo lilelile la bonde la kwanza, na kadirio la busara lilikuwa 22.6 au jirani yake. Umekosea kwa zaidi ya nyuzi moja, na umekosea kwa kufanya jambo ambalo kila kitabu cha milimani kinakusifia.

Nyuzi moja kwa mpunga si mchezo. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi kwenye shamba la Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, Filipino, walitangaza kwamba katika msimu wa kiangazi mavuno yalishuka kwa asilimia 10 kwa kila nyuzi moja iliyoongezeka katika joto la chini kabisa la usiku. Filipino si Pemba, na mbegu si zilezile. Lakini ikiwa swali lako ni la aina hiyo, ramani inayokosea nyuzi moja mabondeni haina kazi.

Basi kipimwe nini badala ya mwinuko? Mimi ningetumia kimo linganishi: chukua kimo cha mahali, toa wastani wa kimo cha eneo linalopazunguka kwa nusu kilomita hivi. Bonde hupata namba hasi, mgongo wa kilima namba chanya, na tambarare ya mawe kule Micheweni hukaribia sifuri. Mabonde mawili, moja la mita 10 juu ya bahari na jingine la mita 40, yanaweza kupata namba moja, na ndivyo hasa hewa ya usiku inavyoyaona. Kwenye QGIS ni kazi ya dakika chache ukiwa na rasta ya mwinuko, yaani ramani ya vimo iliyogawanywa kwenye seli ndogondogo za mraba. Jaribu na duara la mita 300 na la mita 800 pia, uone ni lipi linalokwenda vizuri zaidi na vipimo vyako. Upana wa mabonde ya magharibi haufanani na wa kwingine.

Hapo kwenye rasta ya mwinuko kuna mtego. Wengi wetu tunatumia SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga za juu cha Marekani Februari 2000, yenye seli za mita 30. Rada ile haikufika chini ya miti. Penye majani mengi ilisoma kimo cha mahali fulani ndani ya matawi. Vilima vyetu vina mikarafuu na minazi, mabonde yetu yana mpunga. Maana yake kilima kinaongezewa mita kadhaa ambazo si udongo, bonde haliongezewi kitu. Kilimanjaro mita kumi za uongo hazimsumbui mtu. Pemba mita kumi ni sehemu ya kumi ya kimo cha kisiwa chote. Picha za droni zilizopigwa kwenye visiwa vyetu kuanzia 2016 zina undani mkubwa zaidi, lakini droni nayo huona vilele vya miti. Usiache kutumia, ila ukiona bonde "lenye kina" cha mita 12 penye msitu kando yake, kumbuka huenda nusu ya kina hicho ni matawi. Na Msitu wa Ngezi ungeutoa kabisa kwenye ramani: ndani ya msitu mnene joto lina taratibu zake, na huna kipimajoto humo.

Kitu cha pili ni bahari. Usiku bahari haipoi kama ardhi, kwa hiyo pwani hubaki na joto. Watu wengi huchora umbali hadi ufukweni, na kwa pwani ya mashariki inatosha. Magharibi yetu ina ghuba na vijito vya mikoko vinavyoingia ndani kabisa, na bahari yenyewe haikai mahali pamoja: siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa karibu mita nne, na maji yakitoka unabaki na tope tupu kwa umbali mrefu. Je, mtu aliyesimama kwenye ncha ya kijito cha mikoko yuko pwani? Kwa umbali, ndiyo, mita sifuri. Kwa hewa, hapana. Mimi huacha umbali na kuhesabu ni sehemu gani ya duara la kilomita tano kuzunguka mahali hapo ambayo ni bahari ya wazi. Rasi hupata asilimia kubwa, ncha ya kijito hupata ndogo, na hakuna haja ya kugombana kuhusu mstari wa ufukwe uko wapi. Ukichora ya mchana, ongeza na upande: wakati wa Kusi upepo hufika kwanza kusini na mashariki, wakati wa Kaskazi hufika kaskazini na mashariki, kwa hiyo ramani ya Julai na ya Februari zisichanganywe.

Vigezo hivyo viwili, kimo linganishi na sehemu ya bahari, vinakutosha. Kwa vituo tisa usiongeze cha tatu hata ukishawishika. Ukiwa na vigezo vitano na vituo tisa, rigresheni, yaani hesabu ya kutafuta joto hubadilika kiasi gani kila kigezo kinapobadilika, itakupa matokeo ya kupendeza yasiyo na maana.

Sasa hizo njia zenyewe. Uzani wa umbali ni rahisi na mwaminifu, ila hauwezi kutoa namba iliyo chini ya kituo chenye baridi kuliko vyote wala juu ya chenye joto kuliko vyote. Kwako hiyo ndiyo hukumu: huna kituo bondeni, kwa hiyo hautaona bonde milele. Pia huacha madoa ya duara kuzunguka kila kituo, na mtu asiyejua hudhani pale skulini kuna jambo. Splaini, yaani uso laini unaopindwa upite kwenye vituo, ni nzuri vituo vikiwa vingi. Vikiwa vichache huvimba pembezoni, na kwa kisiwa chembamba kama Pemba karibu kila mahali ni pembezoni. Krigingi ina heshima zake. Jina limetokana na Danie Krige, mhandisi wa migodi ya dhahabu wa Afrika Kusini aliyeandika mwaka 1951 kuhusu kukadiria madini kutokana na mashimo machache, na Mfaransa Georges Matheron ndiye aliyeijengea nadharia. Lakini kabla haijakadiria chochote inataka variogramu, yaani mchoro unaoonesha vipimo vinavyozidi kutofautiana kadiri vituo vinavyoachana. Wanaoijua kazi hii hutaka vituo hamsini, wengine mia, ili mchoro huo uaminike. Kwa tisa unapata jozi 36 tu, zimetawanyika ovyo, na programu itachora mstari wowote katikati yake bila aibu. Kisha itakupa na ramani ya makosa, ya rangi rangi, itakayokufanya uamini.

Ningefanya hivi: rigresheni ya vigezo viwili kwanza, ndiyo ibebe ramani. Kinachobaki kwa kila kituo, tofauti ya kilichosomwa na kilichokadiriwa, kiangalie kwenye ramani. Kama mabaki ya kaskazini yote ni chanya na ya kusini yote ni hasi, yasambaze kwa uzani wa umbali uyajumlishe. Kama hayana mpangilio, yaache.

Na kabla ya hayo yote, hamisha vipimajoto. Vipange kwa jozi: kimoja bondeni, mwenzake kwenye mgongo wa kilima uleule, mita mia chache baina yao. Bahari kwa vyote viwili iko umbali karibu sawa, kwa hiyo tofauti unayoiona ni ya bonde tupu. Jozi tatu ni vipimajoto sita. Cha saba weka pwani ya mashariki, cha nane kwenye kijito cha magharibi. Cha tisa kiombee nafasi karibu na kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa pale uwanja wa ndege wa Pemba, ili miezi yako michache iungane na kumbukumbu yao ya miaka mingi. Bila hicho hutajua kama mwaka uliopima ulikuwa wa kawaida. Kuhusu ulinzi wa bondeni, zungumza na sheha na wenye makonde. Kipimajoto ambacho mkulima anajua ni cha nini hakiibiwi kirahisi.

Kabla ya kuvitawanya, vifunge vyote tisa mahali pamoja, kivuli kimoja, kwa wiki nzima, na urudie mwisho wa kazi. Kimoja kikisoma nyuzi 0.3 juu ya wenzake kila siku, itoe hiyo 0.3 kwenye data zake zote. Hatua hii hairukwi. Kila kimoja kiwe kwenye kinga nyeupe inayopitisha hewa, kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini, mbali na ukuta, zege na mabati. Sahani nyeupe za plastiki zilizopangwa moja juu ya nyingine kwa nafasi zinafanya kazi vizuri.

Kuipima ramani: toa jozi moja nzima, kadiria kwa zilizobaki, linganisha na kilichosomwa, kisha jozi nyingine. Usitoe kituo kimoja kimoja, maana mwenzake aliye jirani atakuvujishia jibu. Halafu linganisha kosa lako na la mtu mvivu anayesema kila mahali pana wastani wa vituo vyote. Ukishindwa kumpita huyo, andika wastani ripotini na uache ramani. Njia nyingine ninayoipenda ni kufunga kipimajoto chepesi kwenye pikipiki, saa kumi na moja alfajiri, uteremke bondeni na kupanda upande wa pili polepole, kisha urudi ulipoanzia ili ujue joto la usiku lenyewe limesogea kiasi gani wakati uko njiani. Kwa nusu saa unapata mstari mzima wa vipimo ambao hukuutumia kujengea ramani.

Huenda mtu akakwambia upakue tu ramani ya dunia nzima. WorldClim ina seli za kilomita moja hivi, wastani wa 1970 hadi 2000. Seli moja inameza bonde na vilima vyake viwili. ERA5-Land ina seli za kilomita tisa, na Pemba yote inaingia kwenye dazeni moja yake, baadhi zikiwa nusu maji. Setilaiti hupima joto la uso wa ardhi na majani, si la hewa, na mawingu yetu huziba usiku mwingi.

Data zako za miezi minne usizitupe. Ni data nzuri za vilimani. Tofauti baina ya skuli na skuli ndiyo itakayokuonesha athari ya bahari, kwa sababu kimo linganishi chake kinakaribiana. Chuja kwanza: kipimajoto kilichofungwa chini ya mabati au ukutani, acha vipimo vyake vya mchana vyote, na vya usiku vitumie kuanzia saa nane hadi kabla ya jua kuchomoza, ukuta ukiwa umeshapoa kiasi. Wakati wa kuhamisha, chagua kwa jozi zako vilima vitatu ambavyo tayari vina skuli zenye vipimajoto, uvitoe ukutani na kuviweka kwenye kinga hapohapo uwanjani. Hivyo unahamisha sita tu, na kumbukumbu ya skuli hizo tatu inaendelea. Ulinganisho wa wiki moja niliousema ufanye kabla ya kuhamisha hata kimoja, maana ndio utakaosahihisha na hiyo miezi minne iliyopita.